'If I would have money': Kwa nini wanafunzi hukwama kwenye 'if', na Kiswahili kinavyoweza kuwasaidia

Mpe mwanafunzi wa kidato cha pili sentensi hii aitafsiri: "Ningekuwa na pesa, ningenunua mtumbwi." Usishangae akiandika "If I would have money, I would buy a boat." Mwalimu atatia alama ya kosa, daftari litarudi, na mtoto atabaki anajiuliza amekosea wapi, maana kila neno lipo.

Hakukosea ovyo. Amefuata Kiswahili hatua kwa hatua. Kiswahili huweka -nge- pande zote mbili: ningekuwa, ningenunua. Mtoto akaona would ndiyo -nge-, akaipachika pande zote mbili pia. Kwa hesabu za Kiswahili, yuko sahihi kabisa.

Kiingereza kinagawa kazi tofauti. Would inakaa upande wa matokeo tu. Upande wenye if unabeba kitenzi cha wakati uliopita: "If I had money, I would buy a boat." Na hapo ndipo wengi wanapovurugika, kwa sababu pesa zinazozungumzwa si za jana. Ni za leo, ambazo hazipo.

Si suala la sarufi peke yake

Chukua mfano wa Ilagala, wilayani Uvinza mkoani Kigoma, pale Mto Malagarasi unapokaribia kumwaga maji yake Ziwa Tanganyika. Watoto wengi wa upande huo hukua na Kiha nyumbani. Kiswahili wanakisikia sokoni na kukisomea shule ya msingi. Wakifika kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Kwa hiyo if haiwasubiri kwenye kipindi cha Kiingereza. Inawakuta kwenye fizikia, kemia na jiografia, na kule hakuna anayesimama kuieleza.

Sentensi kama "If a metal is heated, it expands" haina shida sana. Chuma kikipashwa moto kinatanuka, mtoto anaelewa. Shida inakuja swali linapoandikwa hivi: "What would happen to the period of a pendulum if its length were increased?"

Pendulamu ni kitu tu kilichofungwa kwenye uzi kikaachwa kibembee. Mtoto anaweza kuwa anajua kabisa kwamba uzi ukirefushwa, kila mzunguko mmoja wa kwenda na kurudi unachukua muda mrefu zaidi. Lakini akiona "were increased" anadhani kuna jaribio lililokwisha kufanywa, uzi ukarefushwa, na yeye anatakiwa akumbuke matokeo yake. Anaanza kutafuta jaribio ambalo halijawahi kufanyika. Alama zinapotea, na ripoti inasema hajui fizikia.

Ndiyo maana sentensi za masharti zinastahili muda mrefu kuliko zile kanuni tatu nne za ubaoni ambazo wanafunzi huzinakili na kuzisahau.

"Baba akirudi": ni if au ni when?

Pa kuanzia pazuri si -nge-. Ni -ki-, kwa sababu ndiyo inayotumika kila siku.

"Baba akirudi, tutakula." Mtu yeyote Ilagala anaelewa. Sasa iweke kwa Kiingereza. Kuna njia mbili: "If father comes back, we will eat" na "When father comes back, we will eat." Kwa nyumba ya mvuvi, hizi hazisemi kitu kimoja hata kidogo.

Ukisema when, kurudi kwa baba hakuna shaka. Kinachosubiriwa ni saa tu. Ukisema if, umefungua mlango: huenda akarudi, huenda asirudi. Jioni ya upepo, ziwa limechafuka na mitumbwi mingine haijaonekana, tofauti ya maneno hayo mawili si ndogo.

Kiswahili hakimlazimishi msemaji achague. -Ki- inabeba maana zote mbili, na kinachoamua ni mazingira na sauti ya anayesema. Kiingereza kinalazimisha. Mwanafunzi aliyezoea -ki- anachagua if kila mara, kwa sababu ndilo neno alilofundishwa kwanza. Matokeo yake anaandika mambo ya ajabu kama "If the sun rises, I will go to the farm", kana kwamba kuna siku jua huamua kubaki lilipo.

Dawa yake ipo ndani ya Kiswahili chenyewe. Mwambie mwanafunzi aiondoe -ki- na ajaribu kuweka "atakaporudi" au "kama atarudi". Inayokubali "atakaporudi" inakwenda na when. Inayokubali "kama atarudi" inakwenda na if. Wengi wanaishika haraka kwa sababu hawafundishwi kitu kipya. Wanaulizwa tu walikuwa wanamaanisha nini.

Njia hiyo ina mtego mmoja, na afadhali usemwe mapema. "Atakaporudi" na "atarudi" zote zina -ta- ya wakati ujao, basi mtoto atataka kuandika "when father will come back" au "if father will come back". Kiingereza hakitaki. Upande wa if au when unabaki na wakati uliopo, "comes", hata kama jambo ni la kesho. Will inasubiri upande wa pili. Kwa hiyo -ki- bado ina faida yake: yenyewe haina -ta-, na ukimkumbusha mwanafunzi kwamba alianza na "akirudi", inakuwa rahisi kwake kuiacha will nje.

Kuna mahali ambapo if na when hazigombani, nako ni kwenye mambo ya siku zote. Wavuvi wa dagaa Ziwa Tanganyika hutumia taa kuvutia samaki usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa haufui dafu, na wengi hawaingii ziwani. Hapo unaweza kusema "If the moon is full, the fishermen stay at home" au ukaweka when, hakuna atakayekulaumu. Mawese nayo yakipata baridi yanaganda: "If palm oil gets cold, it thickens." Pande zote mbili zina wakati uliopo, hakuna will, kwa sababu hakuna kinachotabiriwa. Ndivyo mambo yalivyo tu. Sheria nyingi za sayansi zimeandikwa kwa mtindo huuhuu, na mwanafunzi aliyezoea sentensi za mwezi na mawese hatazishangaa.

Usipowahi kivuko

Neno unless lina sifa mbaya darasani, na mitihani inalipenda. Mwanafunzi anaambiwa aandike upya sentensi akianza na unless, naye anaandika "Unless you don't come early, you will miss the ferry." Kakanusha mara mbili.

Tena ni neno ambalo Kiswahili kinalifafanua vizuri kabisa. Angalia -sipo-. "Usipowahi, kivuko kitakuacha." Hiyo -si- ya kukanusha imeshafungwa ndani ya kitenzi, huwezi kuongeza nyingine. Unless iko vivyo hivyo: ukanushi umo tayari. "Unless you come early, you will miss the ferry." Kwa wanaovuka Malagarasi kwa kivuko pale Ilagala, sentensi hiyo haihitaji picha wala maelezo marefu.

Ila si kila -sipo- inakubali unless. "Asipokuja nitafurahi" ni "I will be happy if he doesn't come." Ukiweka unless hapo sentensi inapinda. Unless inafaa pale unapotaja kitu pekee kinachoweza kubadilisha mambo, kama vile kuwahi kivuko.

Wakati uliopita ambao haujapita

Turudi kwa yule mwenye mtumbwi wa kuwazia. Kwa nini "had", wakati anazungumzia leo?

Vitabu vingi hujibu kwa kanuni: if pamoja na wakati uliopita, halafu would. Kanuni ni sahihi lakini haielezi kitu. Mwanafunzi anaikariri kama namba ya simu, na siku ya mtihani tarakimu moja inateleza.

Maelezo bora ni kwamba Kiingereza hutumia wakati uliopita kuonyesha umbali. Mara nyingi ni umbali wa muda, yaani jana na juzi. Mara nyingine ni umbali na ukweli. "If I had money" ina maana ya pesa zilizo mbali nami, pesa ambazo sina.

Likisemwa hivyo linaonekana geni, kumbe Mtanzania analifanya kila siku bila kujua. Mtu anaingia dukani anasema, "Nilikuwa naulizia sukari." Anaulizia sasa hivi, amesimama hapohapo kaunta. Mwingine anabisha hodi: "Samahani, nilikuwa naomba maji ya kunywa." Kiu ni ya saa hii. Ile "nilikuwa" haitaji jana. Inamsogeza msemaji nyuma kidogo ili ombi lisiwe kavu. Kiswahili kinasogea nyuma kwa adabu, Kiingereza kinasogea nyuma kwa jambo lisilo kweli, lakini mguu uliorudi nyuma ni uleule.

Would yenyewe ni will iliyorudishwa nyuma. Kwa hiyo sentensi nzima imepiga hatua moja: "have" imekuwa "had", "will" imekuwa "would". Mwanafunzi aliyeelewa hivi hahitaji tena kukariri.

Kuhusu "If I were you", wengi huuliza were imetokea wapi kwenye I. Ni mabaki ya umbo la zamani la Kiingereza lililotumika kwa mambo ya kuwazia. Waingereza wengi siku hizi husema "If I was" wakiongea, lakini kwenye mtihani were ndiyo salama.

Ziwa lilipofungwa

Mwaka 2024 nchi zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilisimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Kwa vijiji vya ufukweni hilo lilikuwa jambo zito, na kila aliyekuwepo analikumbuka. Kwa mwalimu wa Kiingereza, ni mfano ambao asingeupata kwenye kitabu chochote cha London.

Jiweke Juni 2024. Ziwa limefungwa. Mvuvi anasema: "Ziwa lingekuwa wazi, tungevua." Kwa Kiingereza: "If the lake were open, we would fish." Anazungumzia siku hiyohiyo, na ukweli ni kinyume chake.

Sasa jiweke Desemba. Ziwa limeshafunguliwa zamani. Mvuvi yuleyule anaangalia nyuma: "Ziwa lisingalifungwa, tungalivua mwezi Juni." Hapo Kiingereza kinarudi nyuma hatua nyingine: "If the lake had not been closed, we would have fished in June." Jambo limekwisha, haliwezi kubadilika, kwa hiyo had inaingia upande wa if, na would have inaingia upande wa matokeo.

Kiswahili cha shuleni kina silaha nzuri hapa, nayo ni tofauti ya -nge- na -ngali-. Ya kwanza ni ya sasa, ya pili ni ya jambo lililopita. Tatizo ni kwamba mtaani -ngali- haisikiki sana. Watu husema "Ungeniambia jana, ningekuja" na wanaelewana, maana neno jana limeshafanya kazi yote. Mwanafunzi akiitafsiri anapata "If you told me yesterday, I would come." Kosa hilo halitokani na Kiswahili sanifu, linatokana na Kiswahili cha mazungumzo.

Kwa hiyo kabla ya kugusa Kiingereza, mwambie aipeleke sentensi yake kwenye Kiswahili cha darasani: "Ungaliniambia jana, ningalikuja." Akishaiona -ngali-, njia imefunguka: "If you had told me yesterday, I would have come." Inachukua nusu dakika. Na kwa mara ya kwanza mwalimu wa Kiswahili na wa Kiingereza wanafundisha somo moja.

Meli iliyopakwa grisi

Lakini hata -nge- na -ngali- zina mahali zinapomwacha mwanafunzi njiani, na mfano wake umezama na kuibuka jirani kabisa na Ilagala.

Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ilisafirishwa vipandevipande hadi Kigoma ikaunganishwa huko. Mwaka 1916, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani walipoona wanazidiwa waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini zake grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakakuta injini zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Meli hiyo bado ipo.

Sasa tunga sentensi. Grisi ilipakwa zamani, lakini matokeo yake yapo leo. Kiingereza kinasema: "If they had not greased the engines, the Liemba would not be here today." Upande wa kwanza umerudi nyuma hatua mbili, had not greased. Upande wa pili umerudi moja tu, would not be. Kila upande unafuata wakati wake.

Kwa Kiswahili sentensi hiyo ingekuwa "Wasingalipaka grisi, Liemba isingekuwepo leo", na hapo mwalimu wa Kiswahili anashika kalamu nyekundu. Wanafunzi wengi wamefundishwa kwamba -nge- na -ngali- hazichanganywi katika sentensi moja. Wakienda na sheria hiyo kwenye Kiingereza, wanaandika "would not have been here today", na maana inayumba. Waambiwe wazi: sheria ya kutochanganya wanaiacha kwenye mlango wa kipindi cha Kiswahili. Kiingereza kinaruhusu mchanganyiko pale sababu ni ya zamani na matokeo ni ya sasa.

Namba ziingie mwisho

Vitabu vya Kiingereza vimezigawa sentensi hizi kwa namba: sifuri, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Namba hizo zinamfaa mwalimu kupanga somo, lakini zikija mwanzo zinaleta madhara. Mwanafunzi anabaki anajua kwamba ya tatu ina had, ila hajui ni lini anaihitaji. Afadhali azoee kwanza kujiuliza mambo mawili: je, jambo hili linaweza kutokea kweli, na ni la lini? Akishajibu, umbo la kitenzi linafuata. Namba ataambiwa wiki ya mwisho, kwa sababu tu mtihani unaweza kuzitaja.

Darasa lenye wanafunzi wengi na vitabu vichache halikwami kwa hilo. Mchezo wa mnyororo unahitaji midomo tu. Wa kwanza anasema "If it rains, the dagaa will not dry." Wa pili anachukua mkia wa mwenzake: "If the dagaa do not dry, mother will not sell them." Wa tatu anaendelea: "If mother does not sell them, I will not get a new exercise book." Mkia wa mmoja ni kichwa cha mwingine, na kila anayepokea analazimika kuiondoa will mwenyewe. Hapo ndipo zoezi lilipo, ingawa wao wanaona ni mchezo. Likishakaa vizuri, mnyororo uleule unahamishiwa kwenye kuwazia: "If I were the captain of the Liemba, I would sail to Zambia."

Kuna wanafunzi watakaobisha kwamba wamesikia "If I would have known" kwenye filamu za Kimarekani. Wamesikia kweli. Wamarekani wengi huongea hivyo, lakini mtihani hauikubali. Na ipo "If you would wait a moment", ambayo ni ombi la heshima na ni sahihi. Hizo ziachwe hadi mtu aulize.

Sikio nalo lina lake. Kwenye mazungumzo ya haraka Mwingereza hasemi had wala would kwa ukamilifu. Anasema "If I'd known, I'd have come", na mwanafunzi anasikia kitu kilekile mara mbili, kama "ningalijua, ningalikuja". Anarudi palepale alipoanzia, kwamba pande zote mbili zina neno moja. Mwalimu aisome sentensi hiyo kwa sauti, kisha awaambie waiandike bila kufupisha. 'd ya kwanza ni had, ya pili ni would. Wengi watabadilisha nafasi zao mara ya kwanza, na hata mara ya pili.